Neno Alilokuja Nalo Hosea

Makambako,
3 Juni 2024

Babu yangu, mume wangu wa Njombe,

Shikamoo. Kamwene. Natumaini baridi haijakumaliza, na ile simu tuliyokununulia bado unaitumia kama tochi. Ningekupigia, lakini mara ya mwisho nilipaza sauti mpaka majirani wakaja kuuliza nani kafa, na wewe ukanijibu kwamba mahindi mmeshavuna. Masikio yako yamestaafu, basi nimerudi kwenye kalamu. Barua hii nimempa Rabson, konda wa Coaster ya asubuhi. Jibu mpe huyo huyo, atanishushia hapa sokoni kwenye maparachichi yangu.

Najua watu wa kanisani walishakuambia kwamba nimejifungua salama. Ni wa kiume. Mgeni ana afya, ananyonya, analia kwa zamu yake na yangu. Ila hana jina, na nyumba haina amani kwa sababu ya hilo.

Hosea alikwenda kwenye jubilei ya mzee mmoja wa usharika wao, mzee wa miaka tisini. Mgeni rasmi akasimama, akasema kwa Kiingereza kwamba leo tunasherehekea longevity. Watu wakapiga makofi. Hosea alirudi nyumbani na neno hilo mdomoni kama mtoto aliyepewa pipi. Akaniambia, mwanangu ataitwa Longevity. Maana yake maisha marefu, yamekwisha.

Mama mkwe hataki hata kulisikia. Anasema Stella tulimwita nyota, akazimika kabla ya kutembea. Ezekieli tukampa jina la nabii, hakumaliza hata baridi ya mwaka ule. Majina mazuri yanamwita mwizi, anasema. Kwao mtoto anayekuja baada ya misiba hupewa jina la kudharauliwa, ili kifo kikipita mlangoni kione kinyaa kiende zake. Anataka aitwe Jalala. Yeye na Hosea hawasemeshani, nami niko katikati na sufuria ya uji.

Wewe ulisoma seminari kabla hujamwona Bibi Priska ukaacha. Ulituambia Kiingereza ni mtoto wa kambo wa Kilatini, anavaa nguo za baba bila kuomba. Nifumulie hilo neno mpaka mwisho wa uzi. Limetoka wapi, lina maana gani hasa, na kama lina nguvu ya kumshikilia mtu asiondoke. Ubatizo umepangwa Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Usichelewe, Babu. Silali vizuri.

Mkeo mdogo,
Avelina

*

Njombe,
6 Juni 2024

Mke wangu Avelina,

Wewe uliyenikimbia ukaolewa na fundi matairi wa Kilutheri, nakusalimu bila kinyongo. Nimefurahi mpaka nimechinja kuku, nikamla peke yangu kwa niaba yenu.

Sasa tuje kwenye neno. Umenipa kazi tamu, maana tangu mchwa walipokula nusu ya kamusi yangu hakuna aliyeniuliza kitu cha maana. Nusu iliyobaki imetosha. Neno la mumeo lina vipande viwili. Cha kwanza ni longus, yaani refu, hata mtoto wa darasa la tatu angekisia. Utamu uko kwenye cha pili: aevum. Huo ni umri, ni zama, ni muda wote ambao mtu au dunia imepewa kuwapo. Warumi walipoviunga walimwita mzee wa miaka mingi longaevus, na hali ya kuishi hivyo wakaiita longaevitas. Waingereza walikuja kulichukua karne nne hivi zilizopita, wakalikata mkia na kulibandika mkia wao. Basi Hosea hakudanganywa. Linamaanisha hicho hicho alichoambiwa, umri mrefu.

Lakini sikiliza hapa, ndipo nilipocheka peke yangu jikoni. Huyo aevum ndiye aliyezaa neno jingine mashuhuri, aeternus, yaani la milele. Ndilo lile tulilokuwa tukiliimba kwa Kilatini kwenye misa ya wafu, mimi nikiwa sauti ya nne na padri akinikonyeza nipunguze. Kumbe jina analolitaka Hosea lina undugu wa damu na neno tulilowaimbia marehemu wote wa misheni hii tangu sijaota ndevu! Neno moja linakaa na mzee mezani, halafu linamsindikiza mpaka kaburini. Lugha ina maajabu, mke wangu. Nimelala na furaha hiyo.

Mpe Mama Hosea salamu zangu. Mwambie kifo hakijui kusoma, kwa hiyo Jalala au Mfalme kwake ni sawa.

Nakungoja uniletee huyo mpinzani wangu nimwone.

Mumeo wa kwanza,
Mwalimu Mikaeli

*

Makambako,
10 Juni 2024

Babu,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama sokoni, nikakaa juu ya gunia la viazi la mtu. Nilikuuliza kama neno lina nguvu ya kumshikilia mtu. Umenijibu kwamba mliliimba juu ya majeneza.

Ulicheka, umeandika hivyo mwenyewe. Mimi nimezika wawili, Babu. Ulikuwepo. Wa pili wewe ndiye uliyeongoza sala. Sasa mume wangu anataka kila asubuhi niamke niite ndugu wa neno la makaburini, na wewe unaona ni maajabu ya lugha.

Nilifanya kosa la kumsomea Mama mkwe. Alipiga vigelegele. Tangu siku hiyo anamwita Jalala waziwazi, mbele ya wageni, mbele ya mchungaji. Hosea akisikia anatoka nje bila kumaliza chakula. Jana amelala gereji.

Nikuulize tena, na usinijibu kwa Kilatini. Wewe una miaka themanini na minane. Hakuna mtu ninayemjua mwenye umri mrefu kukuzidi. Niambie wewe mwenyewe, hicho kitu ni kizuri? Ni kitu cha kumwombea mtoto? Nijibu kama mtu mzima anavyomjibu mtu mzima, utani tuuweke kando.

Mtoto amepata mafua kidogo. Ni huu upepo wa Makambako tu.

Avelina

*

Njombe,
19 Juni 2024

Mjukuu wangu Avelina,

Nimechelewa kwa sababu barua nne nimeziandika nikazitia motoni. Hii ya tano itakwenda hata ikiwa mbaya.

Umeniumiza, na ulikuwa na haki. Nilifurahia neno nikasahau linakwenda kwa nani. Hilo nimelimeza.

Unaniuliza kama umri mrefu ni kitu kizuri. Nitakujibu. Nimemzika Priska. Nimewazika wanangu watatu, na mama yako akiwa mmoja wao, na mzazi hakuumbwa kushika koleo la kumfukia mwanawe. Kwaya tuliyoimba nayo imebaki mimi. Nikikumbuka kichekesho cha ujana wetu, nacheka peke yangu, maana hakuna wa kunimalizia. Hakuna tena mtu duniani anayeniita Mika. Naitwa Babu, Mzee, Mwalimu, lakini Mika alikwenda na wale waliokuwa wakimwita. Huo ndio umri mrefu ukiutazama kutoka ndani. Kwenye jubilei wanapiga makofi kwa sababu wao wako nje.

Na pamoja na hayo, asubuhi jua likitoka juu ya miti ya chai nanyoosha miguu yangu hii mibovu, nataka kuiona na kesho. Sijui nikwambieje zaidi. Ni kizuri na kinachosha. Usimwombee mtoto urefu. Mwombee watu.

Ulikataza Kilatini, nami naomba ruhusa ya neno moja tu, kwa sababu nilikupa nusu. Nilikwenda misheni kwa Sista Conjesta, ana kitabu kikubwa kinachofuata koo za maneno kama wazee wanavyofuata koo za watu. Wenye elimu hiyo wanaona kwamba zamani sana, kabla ya Warumi, mzizi wa aevum haukuwa kuhesabu miaka. Ulikuwa uhai wenyewe, ile nguvu inayomfanya mtu awe hai. Na uzao mwingine wa mzizi huo huo ni iuvenis, kijana. Mimi nilikutajia ndugu wa makaburini peke yake. Yuko na ndugu mwingine, naye ndiye mdogo, anacheza uwanjani. Ndivyo ilivyo ukoo wowote.

Sasa nami nikuulize. Barua zako nimezisoma tena na tena. Hosea anamwita jina lake, mama mkwe anamwita lake. Wewe umeandika mgeni, umeandika mtoto, hukuandika zaidi ya hapo. Wewe unamwitaje, Avelina? Mkiwa wawili tu, hakuna mtu mlangoni, unamwitaje?

Babu yako,
Mikaeli

*

Makambako,
22 Juni 2024

Babu Mikaeli,

Shikamoo. Ni mimi Hosea. Samahani kwa mwandiko, mikono yangu imezoea spana.

Mtoto amelazwa. Yale mafua yalishuka kifuani, daktari anasema ni nimonia. Amewekewa oksijeni. Hanyonyi vizuri na halii. Anaguna tu. Usiku tunaingia kwa zamu, mama yangu na mimi, Avelina hatoki.

Babu, naandika bila yeye kujua. Ile barua yako ya kwanza ilituchoma, sitakuficha. Lakini hii ya pili Rabson alinipa mimi, nikampelekea wodini. Aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya godoro. Nikaisoma alipokwenda kuoga, na swali lako la mwisho likanitoa jasho, kwa sababu jibu lake nalijua.

Hamwiti chochote. Tangu azaliwe. Anamnyonyesha akitazama ukutani. Anamwogesha vizuri, anamfunika vizuri, lakini hajawahi kumbeba mgongoni kwenda naye sokoni, anamwacha kwa mama. Kwanza nilidhani ni uchovu.

Unajua kwamba pale sokoni walikuwa wanamwita Mama Stella. Baada ya msiba watu walishindwa, wakawa wanaanza kumwita halafu wanajikuta wanakohoa. Akawa Mama Eze. Hilo nalo likafa. Sasa wanamwita wewe wa maparachichi. Tulipofika hapa hospitali nesi alimwuliza, "Mama nani wewe?" Mke wangu akainama kumfunika mtoto. Nesi akarudia. Akamjibu, "Andika tu mtoto wa Avelina." Nilikuwa nimesimama nyuma yake na mfuko wa nguo. Nilitamani ardhi ipasuke.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Namwelewa. Lakini mtoto naye je? Anaondoka hajaitwa?

Nilitaka Longevity si kwa sababu ya makofi. Yule mzee wa jubilei alikuwa hana jino hata moja, anakula keki, na mwanawe naye mzee anamfuta mdomo, wanacheka wote wawili. Nikaona kwamba nataka hiyo. Nataka nizeeke mbele ya mtu huyu. Sikujua namna nyingine ya kuisema.

Mimi sina maneno, Babu. Wewe unayo. Mwandikie lolote.

Mjukuu wako mkwe,
Hosea

*

Njombe,
23 Juni 2024

Hosea mwanangu,

Maneno yangu yamekwisha fanya kazi yao, nzuri na mbaya. Siandiki tena. Nimemwambia Rabson anitunzie siti ya mbele kesho, ile isiyo na mtu wa kunisimulia mambo nisiyoyasikia. Nipokee stendi. Usimwambie Avelina.

Mwambie mama yako aandae chai yenye tangawizi nyingi.

Mikaeli

*

Makambako,
5 Julai 2024

Babu yangu, mume wangu mzee,

Shikamoo. Tumetoka hospitali. Anakohoa bado asubuhi, na daktari amesema tumrudishe wiki ijayo wamsikilize kifua. Sitakudanganya kwamba nimetulia. Akilala sana naweka mkono mbele ya pua yake, akikohoa naamka, asipokohoa naamka pia. Hosea anasema nitamchosha mtoto kwa kumkagua kama tairi.

Nakuandikia ulichokikosa siku ile ulipokuja, kwa sababu nakujua. Ulitikisa kichwa kana kwamba umesikia, na unatikisa hivyo hivyo hata padri akihubiri.

Uliingia wodini na koti lako la mvua na ile kofia ya sufu. Nesi alikuambia muda wa kuona wagonjwa umepita. Ukamshukuru sana, ukapita. Wanawake wote wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa na hasira na wewe. Barua yako ya mwisho iliniudhi kuliko ile ya makaburini, kwa sababu ulikuwa umeniona kutoka Njombe huko, mimi niliyedhani nimejificha vizuri.

Hukunipa pole. Ulimtazama mtoto na mipira ile puani, halafu ukauliza kwa sauti ya kuongozea kwaya, "Huyu ni nani?"

Nilisema polepole. Ukatega sikio. Nikasema tena, ukasema, "Eh?" Wodi nzima ikanyamaza kunisaidia. Nesi na sindano yake akasimama. Ukaniinamia, nikaona una machozi kwenye mikunjo ya uso, na hukuwa na mpango wa kuondoka. Basi nikalitamka kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Gideoni! Ukuta ulirudisha.

Ni Gideoni, Babu. Kama hukusikia, soma hapa. Nilikuwa nalo tangu tumboni. Siku ya kwanza alipocheza nilikuwa nafua, nikamwambia, tulia Gideoni, maji yanamwagika. Tukawa tunaongea hivyo miezi yote, mimi naye, Hosea akiwa gereji. Alipozaliwa nikalifungia. Niliona kwamba nikilitamka kwa sauti, nimeshampa anwani mtu wa kuja kumchukua. Niliwaacha Hosea na mama yake wagombane kwa sababu ugomvi wao ulinifaa. Muda wote walipokuwa wakivutana, hakuna aliyeniuliza mimi. Nikakutumia na wewe neno la Kilatini ulichimbe, ukachimba, ukanikuta mimi mle ndani.

Ubatizo ni tarehe kumi na nne. Ataitwa Gideoni Longevity. Hosea amefurahi, amelifanyia mazoezi kwenye matairi kwa chaki. Mama mkwe amesema sawa, ila jioni akimtoa nje ataendelea kumwita Jalala, kwa tahadhari. Nimemwacha. Mtoto aliyeombewa na watu wengi ana haki ya majina mengi. Na ulisema nimwombee watu.

Jana nilimfunga mgongoni nikaenda naye sokoni. Upepo ulikuwa mkali, nikamfunika khanga mbili. Nilirudi mapema kwa woga, lakini nilikwenda.

Sasa ulichokikosa kabisa ni hiki. Nilipopaza sauti, mtoto alishtuka akalia. Analia kwelikweli, siyo kuguna. Wewe ulikuwa umeshageuka kwenda kumtafuta Hosea kwenye korido, unajifuta kwa kofia. Nesi akaweka sindano, akaja mbio, akatega sikio kwenye kile kilio kama mtu anayesikiliza redio. Akasema, "Sauti hiyo! Haya Mama Gideoni, mnyonyeshe upesi, ana njaa huyo."

Babu, niligeuka nyuma kumtafuta huyo Mama Gideoni ni nani. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

Nikamfungulia kifua, nikamtazama usoni akinyonya.

Mkeo wa Makambako,
Mama Gideoni